Buibui wa Mama, Barua Yangu na Rafiki Yake Ayubu



Leo sina somo la kupangilia kama yale ya Kwaresima. Nina buibui. Najua wengine mmeshaanza kuondoka hapo hapo, na siwalaumu. Mimi mwenyewe mpaka mwezi wa sita mwaka huu nilikuwa mtu wa kumpiga buibui kwa kandambili bila kuuliza swali. Ila kaeni kidogo, kwa sababu buibui huyu alinikuta na barua.

Barua ilikuwa ya kwenda kwa askofu wangu. Nilikuwa nimemaliza falsafa, shahada mkononi, na baada ya likizo nilitakiwa kuanza teolojia. Watu wakisikia frateri anataka kuacha, swali la kwanza ni jina la binti. Hapakuwa na binti. Shida ilikuwa kwamba naweza kusimama ubaoni nikazieleza njia tano za Mtakatifu Tomaso wa Akwino kutoka ya kwanza hadi ya tano bila kuangalia daftari, lakini nikipiga magoti mbele ya Ekaristi Takatifu nilijisikia kama nimepiga magoti mbele ya hitimisho la hoja. Hitimisho ni sahihi, sawa. Lakini nani anaweza kuliambia hitimisho, "nisaidie"? Na kulikuwa na jambo jingine, la msibani, nitalifikia. Basi niliandika aya mbili na nusu, nikaikunja barua, nikaiweka ndani ya kitabu cha Sala ya Kanisa, nikapanda basi kwenda nyumbani Morogoro.

Mwezi wa sita kwetu asubuhi ni baridi. Ukungu unakaa juu ya Uluguru mpaka saa mbili hivi, na majani yote yana umande. Asubuhi ya pili nilitoka nyuma ya nyumba kupiga mswaki, nikamkuta. Alikuwa ametandaza utando kati ya mpera na nguzo ya kamba ya kuanikia nguo, upana wake unakaribia mita moja, yeye amekaa katikati, kichwa chini, miguu imepanuka kama kiganja changu. Jua lilipochomoza pembeni, nyuzi ziliwaka rangi ya njano. Sisemi njano kwa mapambo, jamani. Uzi wenyewe ni wa rangi ya dhahabu.

Mama alikuwa na mawazo yake. "Frateri, chukua ufagio umtoe huyo mdudu, nguo nitaanika wapi?" (Mbele ya watu naitwa Frateri. Tukiwa wawili naitwa kwa jina la babu.) Nikaanza kueleza kwamba buibui si mdudu kwa maana ya kitaalamu, kwamba mdudu ana miguu sita na huyu ana minane. Mama akanitazama kama mtu anayehesabu ada aliyolipa.

Aliyemwokoa buibui ni mama jirani, Mwislamu, aliyenijua tangu nabebwa mgongoni. Alikuja kuazima kinu, akasikia mabishano yetu, akasema, "Mwanangu, huyo haondolewi." Akatusimulia, kama alivyosimuliwa na bibi yake, kwamba Mtume Muhammad na Abu Bakr walipojificha kwenye pango la Thawr, buibui alifuma utando mlangoni, waliowafuatilia wakaona hakuna mtu aliyeingia. Mama yangu hashindwi kirahisi, lakini siku ile alihamisha kamba. Jioni nikamwambia kwamba hata sisi tunaye wa kwetu: Mtakatifu Feliksi wa Nola, padre wa Italia wa karne ya tatu, sikukuu yake ni Januari 14. Katika masimulizi yake, alikimbia wauaji akajificha kwenye gofu, na buibui akafunga mwanya kwa utando. Mama akasema, "Kumbe huyu ni wa dini zote. Basi na aishi."

Nikaanza kumpiga picha. Nakiri mbele yenu kwamba mwanzoni sikuwa na nia ya kiroho hata kidogo. Nilikuwa sina usingizi mzuri, sala hazipandi, na nilitaka kitu cha kuweka kwenye grupu letu la VIWAWA la parokia.

Mliowahi kujaribu kupiga picha utando kwa simu ya kawaida mnajua taabu yake. Simu inaona ukuta wa nyuma vizuri kabisa, hadi ufa wa plasta, lakini buibui aliye mbele inamfanya moshi. Nilipoteza siku mbili nzima. Siku ya tatu nilichukua suruali yangu nyeusi, ile ya Dominika, nikaitundika kwenye mpini wa jembe hatua mbili nyuma ya utando ili simu isiwe na kitu kingine cha kutazama. Kisha nikaweka kidole changu pembeni ya buibui, umbali uleule, nikagusa kioo ili simu ishike hapo, nikaondoa kidole taratibu. Hapo ndipo nikampata. Msiwashe flashi, inaua rangi yote. Subirini jua la kutoka ubavuni, saa moja na nusu hivi, kabla upepo haujaamka. Na msimwagie utando unga ili uonekane, kama wengine wanavyofundisha. Unga unaziba gundi, na mwenye utando atalala njaa.

Shida kubwa kuliko zote ni pumzi. Huyu haoni vizuri. Ana macho manane lakini maisha yake yote yako miguuni, anasikia dunia kwa mtikisiko wa nyuzi. Nikipumua karibu, alikuwa anautikisa utando wote kwa nguvu, picha inaharibika. Kwa hiyo ilibidi nijifunze kupumua polepole, pembeni, na kukaa. Kukaa tu. Mtu ambaye kanisani dakika ya kumi tayari ananyoosha shingo kutafuta saa, nikawa nakaa chini ya mpera dakika arobaini nimeinama juu ya ndoo.

Na ukikaa dakika arobaini, unaanza kuona. Pembeni mwa utando kulikuwa na buibui wadogo wembamba watatu. Nikamwambia mpwa wangu, yuko darasa la tatu, kwamba wale ni watoto. Kumbe ni waume. Dume la aina hii ni dogo sana mbele ya jike, linakaa ukingoni na kusubiri. Halafu kulikuwa na vibuibui vingine, vidogo kama tone la maji, vina rangi ya fedha. Hao ni wezi. Wanaishi kwenye utando wa mkubwa na kula nzi wadogo ambao yeye hajishughulishi nao. Siku nne nilikuwa nimepiga picha mamia, na wezi hao walikuwemo karibu katika kila moja, na sikuwa nimewaona.

Jina lake la kitaalamu ni Trichonephila, zamani vitabu viliandika Nephila tu. Hilo Nephila linatokana na Kigiriki, maana yake ni mwenye kupenda kusokota. Mwenzenu nimesoma falsafa, na siku ya kwanza darasani tuliambiwa falsafa maana yake ni kupenda hekima. Nilicheka peke yangu chini ya mpera: wapendao wawili tumekaa tunatazamana, na mmoja tu ndiye anayefanya kazi ya jina lake.

Kwenye ua wa michongoma kulikuwa na mwingine, wa kahawia, mdogo kama punje ya mahindi. Huyu hafanani tabia na wa dhahabu. Yule wa dhahabu anakaa kwenye utando usiku na mchana na kuukarabati vipande vipande. Huyu wa kahawia anatoka jioni, anafuma mpya, na alfajiri anaukunja na kuula. Ndiyo, anaula. Uzi ni protini, tumboni unasagwa na kuwa uzi tena.

Nilimvizia kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni na tochi niliyoifunika leso. Alianza kwa kukaa kwenye ncha ya tawi na kuachia uzi mmoja mwembamba hewani. Hakuutupa popote. Aliuachia tu, upepo ukauchukua mpaka ukanasa tawi la upande wa pili. Akauvuta kupima kama umeshika, akatembea juu yake. Akarudi katikati, akajishusha kwa uzi mwingine mpaka chini, ikatokea herufi Y. Kutoka pale kwenye makutano akaanza kuvuta nyuzi kwenda pande zote, kama spoki za baiskeli. Kisha akafuma mzunguko wa haraka haraka kutoka katikati kwenda nje, wa uzi mkavu usionata. Nilidhani amemaliza. Kumbe ule ni kama mirunda ya mafundi ujenzi, wa kusimamia tu. Alipofika nje akageuka, akaanza kurudi ndani na uzi wenye gundi, akipima nafasi kwa miguu, na kila alipofika kwenye uzi wa mwanzo aliutoa. Ilimchukua chini ya saa moja, na wakati huo Masifu ya Jioni yalinipita. Nilipokumbuka, nilisali gizani bila kitabu, zaburi zile ninazozijua kwa kichwa.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili liliniuma kama mwanafalsafa.

Aristotle, katika kitabu cha pili cha Fizikia, anawataja buibui na siwafu. Anasema kuna watu wanaojiuliza kama viumbe hao wanafanya kazi kwa akili. Tomaso wa Akwino, akifafanua kitabu hicho, anajibu kwamba hapana, wanafanya kwa maumbile, na hoja yake ni kwamba kila mbayuwayu anajenga kiota kwa namna ileile na kila buibui anafuma kwa namna ileile. Mwenye akili angebadilisha. Na kama kiumbe kisicho na akili kinaelekea lengo lake bila kukosea, basi kuna Akili inayokielekeza, kama mshale unavyoelekezwa na mpiga upinde. Hiyo ndiyo njia ya tano. Niliiandika kwenye mtihani, na mfano wangu, aminini msiamini, ulikuwa buibui. Nilipata alama nzuri sana. Sikuwa nimewahi kumtazama buibui akifuma hata dakika mbili.

Baada ya jioni kadhaa kwenye michongoma nilijua kitu ambacho mtihani haukuniuliza. Yule wa kahawia hafumi sawasawa kila siku. Siku ya upepo mkali alifuma utando mdogo zaidi. Kuna mwenzake hatua chache pembeni aliyekatika mguu mmoja, na nafasi za nyuzi zake hazikuwa sawa. Nikasoma pia habari za Arabella, buibui aliyepelekwa angani mwaka 1973 kwenye kituo cha Skylab, baada ya mwanafunzi wa sekondari huko Marekani, Judith Miles, kupendekeza jaribio hilo. Mwanzoni alifuma utando wa ovyo kwa sababu hakukuwa na uzito wa kumwongoza, lakini baada ya siku chache akafuma unaokaribia kabisa wa duniani. Je, hilo linamwangusha Tomaso? Kwa maoni yangu haliangushi kitu. Buibui hajadiliani na nafsi yake, na swali la nani aliyempa kipimo hicho cha miguuni limebaki palepale, pengine kubwa zaidi. Lakini mimi nilikuwa nimeitumia hoja kama mtu anayetumia hundi ya mwenzake.

Na Tomaso mwenyewe alinisubiri kona nyingine. Katika mahubiri yake juu ya Nasadiki anasema kwamba ujuzi wetu ni dhaifu kiasi kwamba hakuna mwanafalsafa aliyewahi kuchunguza kikamilifu maumbile ya nzi mmoja. Nzi! Anaongeza kuwa kuna mwanafalsafa aliyekaa upweke miaka thelathini ili aijue asili ya nyuki. Huyu ndiye mtu niliyekuwa nadhani amenipa kila jibu.

Sasa panzi. Siku ya tisa nilitaka picha ya buibui akiwinda. Siku nzima hakunasa kitu, na grupu lilikuwa linauliza mbona kimya. Nikakamata panzi mkubwa kwenye majani ya mchaichai nikamrusha kwenye utando. Panzi alipiga mateke kwa nguvu, akapasua robo nzima ya utando. Buibui alikuja, akamgusa, akarudi nyuma, akaanza kukata nyuzi zinazomzunguka mpaka panzi akaanguka chini akiwa amefungwa nusu, mguu mmoja umekatika. Mimi napiga picha tu. Moja ilitoka nzuri mno, jua nyuma, nyuzi za dhahabu zimekatika zinapepea. Niliiweka kwenye grupu na maneno ya kumsifu Mtakatifu Fransisko wa Asizi na viumbe vyote. Mioyo na makofi, hadi wanakwaya wa parokia ya jirani.

Mpwa wangu alikuwa nyuma yangu muda wote. Akaniuliza, "Mjomba, ulikuwa unamlisha buibui au unamtesa panzi?"

Sikuwa na jibu. Hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua tu. Na jibu la kweli ni kwamba sikuwa nafanya lolote kati ya hayo. Nilikuwa najilisha mimi. Kumuua panzi si dhambi ya kupeleka kitubio, kuku wa mama wanakula kumi kwa siku. Lakini ile picha ilisema, "tazameni jinsi kiumbe cha Mungu kilivyo," na haikuwa kweli, ilikuwa jinsi nilivyokipanga mimi. Katekisimu namba 339 inafundisha kwamba kila kiumbe kina wema wake na ukamilifu wake wa pekee. Wa pekee, maana yake haungoji nije niutengeneze ndipo uwepo. Usiku ule niliiondoa picha na kuandika ukweli kwa mistari miwili. Watu watatu walijibu. Mmoja aliuliza kama panzi alipona. Hakupona.

Nikafungua Biblia kutafuta buibui. Mimi nilitarajia maneno matamu, lakini nilichokuta ni Ayubu sura ya 8, aya ya 14 na 15, ambapo matumaini ya mtu asiyemcha Mungu yanafananishwa na nyumba ya buibui. Anaiegemea, nayo haisimami. Msemaji ni Bildadi, rafiki yake Ayubu.

Someni sura ile polepole. Bildadi hasemi uzushi. Mungu hapotoshi haki, anasema, na wanaomsahau Mungu hawana msimamo. Ungeweza kuyaweka hayo kwenye katekesi yoyote. Lakini angalia anaongea na nani. Watoto wa Ayubu wamekufa kwa kuangukiwa na nyumba, sura ya 1 aya ya 19. Na Bildadi anakuja mbele ya baba huyo na mfano wa nyumba isiyosimama! Kabla ya hapo, kwenye aya ya 4, ameshadokeza kwamba watoto labda walitenda dhambi. Kila neno liko mahali pake kimantiki, na hajamtazama mtu aliyekaa majivuni mbele yake.

Hapa ndipo nililazimika kuufikia msiba.

Mwezi wa tatu binamu yangu alifariki kwa ajali ya pikipiki. Nilipewa ruhusa ya siku mbili, nikafika wakati jeneza lilishaletwa nyumbani. Wazee wakasema frateri wa ukoo atoe neno. Nikatoa. Nilieleza kwamba uovu hauna uwepo wake wenyewe bali ni upungufu wa wema, kama alivyofundisha Mtakatifu Augustino, na kwamba Mungu hakuumba kifo. Nilikuwa na karatasi. Nilisema vizuri, watu waliniambia. Ilipofika kutoa heshima za mwisho mimi nilikuwa nje napanga waimbaji. Jioni nilikwenda kumpa pole shangazi, mama wa marehemu. Akanishika mkono akasema, "Umesema vizuri baba. Lakini hukuja kumtazama."

Hakuna mtu aliyewahi kunifelisha mtihani kama shangazi. Hiyo ndiyo aya ya tatu ya ile barua, na ndiyo aya niliyoshindwa kuimaliza.

Turudi kwa Ayubu. Mungu anapojibu, sura ya 38 na 39, hatoi maelezo ya kwa nini watoto walikufa. Someni zote mbili mtaona. Anamwonyesha Ayubu nyota, theluji, simba mwenye njaa, makinda ya kunguru yanayolia, mbuzi wa mwituni anavyozaa, punda mwitu, mbuni anayeacha mayai yake mchangani, farasi, mwewe. (Buibui hayumo. Nililalamika kidogo.) Ni kama anamshika mtu kichwa taratibu na kukigeuza: tazama huyu, na huyu, ulikuwepo alipozaliwa? Mwishoni, sura ya 42, Ayubu anakiri kwamba zamani alimsikia Mungu kwa masikio tu na sasa jicho lake limemwona. Na Mungu anawakasirikia marafiki watatu, Bildadi akiwemo, kwamba hawakusema yaliyo sawa juu yake. Wao waliomtetea Mungu kutwa nzima! Sidai kuelewa fumbo hilo lote. Ila nimeanza kushuku kwamba mtu aliyezoea kutomtazama panzi, na buibui, na maiti ya binamu yake, hawezi ghafla kujua kutazama anapofika mbele ya monstransi. Ni macho yaleyale.

Baada ya siku ya panzi sikupiga picha kwa wiki nzima. Nilikuwa nakwenda tu na ndoo yangu asubuhi. Mama alidhani naumwa. Siku moja buibui hakuwepo, utando mtupu, waume wamekaa ukingoni. Kesho yake alirudi, tumbo limenywea kabisa. Mpwa wangu ndiye aliyegundua: chini ya majani ya mpera, kifuko cha uzi wa njano, ndani mayai. Alikuwa ameondoka usiku, akataga, akafunika, akarudi kazini. Papa Fransisko katika Laudato Si', namba 33, anahuzunika kwamba kwa sababu yetu maelfu ya aina za viumbe hawatamtukuza tena Mungu kwa kuwepo kwao. Nilikuwa nimeisoma namba hiyo darasani. Chini ya ule mpera niliielewa, kwamba kule "kuwepo" peke yake ni sifa, na mtu anaweza kukaa karibu nayo bila kuongeza neno.

Wiki ya mwisho nilikwenda kwa shangazi. Sikubeba karatasi. Alinitolea albamu, akanionyesha picha za binamu yangu moja moja, ya komunyo ya kwanza, ya mahafali, moja ambayo amekaa juu ya pikipiki ileile. Nilitazama kila moja mpaka yeye alipofungua ukurasa. Saa tatu hivi. Nadhani nilisema maneno kumi, na manne kati ya hayo yalikuwa ya kukubali chai.

Kwa wanaotaka zoezi la wiki hii: someni Ayubu 8, kisha 38 na 39, kwa mpangilio huo. Halafu tafuteni buibui. Hamna haja ya wa dhahabu, yule anayerukaruka ukutani bwenini anatosha. Ana macho mawili makubwa mbele na akisikia unamtazama atageuka akutazame. (Walio kanda ya Ziwa wana bahati: pembezoni mwa Ziwa Victoria kuna wa jamii hiyo, Evarcha culicivora, anayependa kula mbu jike walioshiba damu. Mmoja wa kumwacha aishi chumbani kweli kweli.) Kaeni naye dakika ishirini, simu mfukoni. Kisha, kama parokia yenu ina saa ya kuabudu Ekaristi, nendeni siku hiyohiyo, na msipange cha kusema. Mkiona mawazo yanazurura, msiogope, yangu bado yanazurura.

Kuhusu barua, nimerudi nayo. Haijafika kwa askofu. Nimempa mlezi wangu wa kiroho aisome ilivyo, na aya yake ya tatu iliyokatika nusu. Bado tunaizungumza, na mkinikumbuka kwenye rozari nitashukuru.

Jana mpwa wangu ametumia simu ya dada kunitumia picha. Utando hauonekani, buibui ni kivuli tu cha moshi katikati. Nyuma yake, safi kabisa, kila uzi wa mshono unaonekana, ni suruali yangu nyeusi ya Dominika, niliyoisahau kwenye mpini wa jembe.